Gunpei Yokoi, fundi aliyetia michezo ya video mfukoni

Mvuvi wa Vitshumbi anayeingia Ziwa Edouard usiku hachagui tochi kwa uzuri wake. Anataka ile itakayowaka mpaka alfajiri. Kwa hesabu ya namna hiyo, Mjapani Gunpei Yokoi alibadilisha michezo ya video duniani.

Yokoi alizaliwa Kyoto tarehe 10 Septemba 1941. Alisomea elektroniki katika Chuo Kikuu cha Doshisha, na mwaka 1965 akaajiriwa na Nintendo, iliyokuwa kampuni ya kutengeneza karata. Kazi yake ilikuwa kutunza mashine za kiwanda. Mkubwa wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, alimkuta akichezea mkono wa bandia unaorefuka, aliojitengenezea mwenyewe. Akamwamuru augeuze kuwa bidhaa. Ulitoka mwaka 1966 na kuuzwa zaidi ya milioni moja.

Baadaye, ndani ya treni, Yokoi alimwona abiria akipitisha muda kwa kubonyeza kikokotoo. Hapo lilizaliwa wazo la Game & Watch, mchezo mdogo wa mfukoni wa mwaka 1980. Toleo la Donkey Kong la mwaka 1982 lilileta kitufe chenye umbo la msalaba, ambacho kingali kwenye vyombo vya kuchezea mpaka leo.

Mwaka 1989 timu yake ikatoa Game Boy. Yokoi aliamini kwamba teknolojia ya zamani, rahisi na iliyozoeleka, ikitumiwa kwa akili mpya, inatosha. Kioo cha Game Boy hakikuwa na rangi wala taa. Atari na Sega walileta mashine za rangi, lakini zilimaliza mawe sita ya betri kwa saa chache. Game Boy ilitumia mawe manne na kudumu zaidi ya saa 10. Pamoja na Game Boy Color iliyofuata, ziliuzwa zaidi ya milioni 118.

Virtual Boy ya mwaka 1995 ilimwangusha. Picha zake nyekundu zilichosha macho, na wanunuzi wakaikimbia. Mwaka uliofuata aliondoka Nintendo, akafungua kampuni yake, Koto, na kuanza kubuni WonderSwan, mashine ya jiwe moja tu la betri. Hakuiona ikiuzwa. Tarehe 4 Oktoba 1997, baada ya ajali ndogo barabarani, alishuka kuangalia gari, akagongwa na gari lingine. Alikuwa na miaka 56. WonderSwan ilitoka mwaka 1999.

Leo wapenzi wengi wa michezo midogo, inayobuniwa na mafundi wachache wasio na kampuni kubwa, huacha kompyuta na kushika Switch au Steam Deck. Kompyuta kubwa hudai meza, kiti na umeme usiokatika. Michezo hiyo haihitaji nguvu nyingi. Inatosha kiganja, na chaji ya kufika mwisho wa safari.