Imam Bukhari (R.A.): Alipogeukwa na Mwenzake



Ndugu msomaji, Ramadhani hii umefunga, tarawehe unaswali na juzuu zako unajitahidi kuzimaliza. Lakini hebu jiulize, je, kuna mtu ambaye likitajwa jina lake tu roho yako inachafuka? Sisemi adui, kwa maana adui ulishamzoea. Nasema yule uliyekula naye sahani moja, ukamwamini kwa siri zako, kisha ukasikia maneno yako yanarudi kwa midomo ya watu wengine. Kama unaye, kisa hiki ni chako. Mimi pia ninaye wangu, na ndiyo sababu nimekaa kukiandika.

Jina la Imam Bukhari tunalisikia kila siku. Sheikh akitoa darsa baada ya alasiri, utasikia tu hadithi hii ameipokea Bukhari. Tunalisikia mpaka tunasahau kwamba Bukhari alikuwa binadamu kama sisi, na kwamba aliumizwa na watu aliowaheshimu.

Yatima wa Bukhara

Yeye ni Muhammad bin Ismail. Alizaliwa mji wa Bukhara, ulioko Uzbekistan ya leo, mwezi wa Shawwal mwaka 194 Hijria, sawa na 810 Miladia. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na mama. Imepokewa kwamba utotoni alipofuka macho, na mama yake hakuchoka kumlilia Allah (S.W.T.) mpaka yakarudi. Alipofika miaka kama 10 tayari alikuwa anahifadhi hadithi. Akiwa na miaka 16 alikwenda kuhiji pamoja na mama yake na kaka yake Ahmad. Wao walirudi nyumbani, yeye akabaki kutafuta elimu.

Alizunguka Makka, Madina, Basra, Kufa, Baghdad, Sham na Misri. Aliandika kutoka kwa walimu zaidi ya 1,000. Kitabu chake cha Sahihi kilimchukua miaka 16, na hakuweka ndani yake hadithi yoyote ila baada ya kuoga na kuswali rakaa mbili. Katika riwaya kama 600,000 alichagua elfu 7 na kitu, na ukiondoa zilizorudiwa hubaki kama 2,600 tu. Huyo ndiye mtu tunayemzungumzia, mtu wa kupima kila neno kabla ya kulipokea.

Walimjaribu mapema kwenye mali. Kuna mtu alikuwa na fedha zake, dirham kama 25,000, akawa hataki kulipa. Watu walimshauri achukue barua ya watawala ili jamaa abanwe. Akakataa. Aliona akiomba msaada wao leo, kesho na wao watamtaka jambo katika dini yake. Akapatana na mdeni wake alipe kidogo kidogo, dirham 10 kwa mwezi, na mwishowe mali yote ikapotea. Lakini ndugu yangu, hasara ya pesa ni nyepesi. Iliyo nzito ilikuwa bado inakuja.

Yaliyompata Naisabur

Mwaka 250 Hijria (864 Miladia) Imam Bukhari aliingia Naisabur, mji ulioko Iran ya leo. Imamu mkubwa wa hadithi mjini humo alikuwa Muhammad bin Yahya al-Dhuhli. Hawa hawakuwa wageni kwa kila mmoja. Bukhari alikuwa amepokea hadithi kutoka kwake, na al-Dhuhli mwenyewe ndiye aliyewahimiza watu watoke wampokee mgeni na wasome kwake. Mji mzima ukatoka, watu wakamlaki mbali kabisa na mji.

Basi siku zikapita. Watu wakajaa kwa Bukhari, na darsa ya al-Dhuhli ikaanza kupungua. Msomaji, wewe umeyaona mambo haya kwenye vyama vyetu, msikitini na hata chuoni. Mtu anakukaribisha kwa mikono miwili, lakini siku watu wakianza kukusikiliza wewe, sura yake inabadilika.

Hapo akasimama mtu kwenye darsa akamuuliza Bukhari kuhusu matamshi yetu tunaposoma Qur'ani, je, yameumbwa au hayakuumbwa? Hilo lilikuwa swali la mtego. Bukhari aligeuza uso, mtu akarudia, akageuza tena. Aliposhikiliwa sana alijibu kwamba Qur'ani ni maneno ya Allah na haikuumbwa, vitendo vya waja vimeumbwa, na kuwatahini watu kwa maswali haya ni bidaa. Jibu limenyooka. Lakini waliotaka kusikia jambo jingine walisikia hilo jingine. Zogo likazuka.

Tuwe waadilifu hapa. Al-Dhuhli hakuwa mtu mjinga wala mwovu. Mwaka 218 Hijria Khalifa Maamun alikuwa amewalazimisha wanavyuoni wakiri kwamba Qur'ani imeumbwa, na mtihani huo ukaendelea baada yake. Imam Ahmad bin Hanbal alifungwa na kuchapwa mijeledi. Kidonda kile kilikuwa bado kibichi, na kila aliyeligusa suala hili alitiliwa shaka. Huenda al-Dhuhli aliogopa kwa ajili ya dini. Lakini wanavyuoni wameeleza pia kwamba husuda iliingia, na Bukhari mwenyewe aliliona hivyo.

Al-Dhuhli akatangaza kwamba anayekwenda kwa Bukhari asikanyage kwake. Na watu ni watu, wale waliomlaki njiani wakamkimbia. Waliosimama naye walikuwa wachache, kama Ahmad bin Salama, na Muslim bin al-Hajjaj, huyu huyu Imam Muslim mwenye Sahihi. Muslim aliinuka kwenye darsa ya al-Dhuhli mbele ya watu wote, akatoka, kisha akakusanya kila alichoandika kutoka kwake, akamrudishia. Habari zikaandikwa hadi mji wa Rayy, na wanavyuoni wakubwa wa huko, Abu Hatim na Abu Zur'a, wakaacha kupokea kwake. Hebu fikiria, mtu aliyetumia umri wake kulinda maneno ya Mtume (S.A.W.), anaambiwa hafai kupokelewa hadithi!

Bukhari hakuitisha mkutano wa kujibu. Alimwambia Ahmad bin Salama kwamba jambo lake amemwachia Allah, kwamba hakuja Naisabur kutafuta ukubwa, na kwamba ataondoka ili wao wapumzike na maneno ya watu. Akafunga mzigo akaenda zake.

Ardhi yamwia finyu

Alirudi kwao Bukhara. Walimjengea mahema nje ya mji, wakamrushia dinari na dirham kwa furaha. Lakini Amiri wa mji, Khalid bin Ahmad, akamtaka aende kwake awasomeshe wanawe peke yao. Bukhari akakataa kuipeleka elimu kwenye milango ya watawala. Mwenye haja aje msikitini akae na watu wengine. Imepokewa pia kwamba barua ya al-Dhuhli ilifika kwa Amiri huyo. Bukhari akafukuzwa kwenye mji aliozaliwa. Amiri naye hakudumu, alikuja kufungwa na kufia gerezani Baghdad.

Imam akakimbilia Khartank, kijiji karibu na Samarkand, kwa jamaa zake. Usiku mmoja baada ya swala alisikika akimwambia Mola wake kwamba ardhi kwa upana wake imekuwa finyu kwake, basi amchukue. Angalia dua hiyo. Hakuomba fulani aangamie. Alikuwa anaona kwamba anayemuapiza aliyemdhulumu ameshajilipizia kisasi. Na kusengenya alikuwa ameacha tangu alipojua ni haramu, alitaraji kukutana na Allah bila ya kudaiwa na mtu kwa jambo hilo.

Watu wa Samarkand wakamwita. Akavaa kilemba chake, akatembea hatua kama 20 kuelekea kwa mnyama wake, akahisi nguvu zimemwisha. Akaomba dua, akalala, akafariki. Ulikuwa usiku wa kuamkia Idi ya Ramadhani, mwaka 256 Hijria (870 Miladia), akakaribia kutimiza miaka 62. Alizikwa siku ya Idi baada ya adhuhuri.

Sasa fungua kitabu

Ndugu msomaji, hapa ndipo nilipokuwa nakupeleka. Ukiifungua Sahihi Bukhari utazikuta hadithi kama 30 ambazo Bukhari amezipokea kutoka kwa nani? Kutoka kwa Muhammad bin Yahya al-Dhuhli! Jina lake kamili halitaji. Mara humwita Muhammad tu, mara humnasibisha na babu yake. Kidonda kilikuwepo, na Bukhari hakujifanya hakipo. Lakini hadithi hazikufutwa. Mtu yule alikuwa mkweli katika riwaya, na ukweli wake haukugeuka uongo kwa sababu alimuumiza Bukhari.

Mizani ile ile aliyowapimia wengine ndiyo aliyompimia aliyemfukuzisha. Sisi je? Rafiki akitugeuka, hata wema wake wa miaka 10 tunaufuta. Tunasema kumbe alikuwa mnafiki tangu zamani. Siri zake tulizokuwa tunazihifadhi tunazimwaga.

Sikwambii umrudie muwe kama zamani. Bukhari hakurudi Naisabur. Kaa mbali kama ukaribu wake unakudhuru. Lakini usimzulie, usimsengenye ukiwa na saumu yako, na lile jema lake liache lisimame. Na kama unaweza, usiku wa kuamkia Idi, takbira zikianza, mkumbuke yule mzee wa Khartank, kisha taja jina la aliyekuumiza kwa dua badala ya laana. Mimi nimeanza kujaribu. Ni zito, walla, lakini linawezekana.

Tunamuomba Allah (S.W.T.) amrehemu Imam Bukhari na Imam al-Dhuhli, azisafishe nyoyo zetu na atukubalie saumu zetu. Amin.