Gérard Blitz, mutu wa hema

Tukisema kambi, kila mutu hapa kwetu anafikiri nyumba za kompani, mistari kwa mistari. Leo tunazungumza juu ya kambi ya namna ingine, ile ya kupumuzikia, na juu ya mutu mwenye aliifanya ijulikane mu Ulaya nzima.

Gérard Blitz alizaliwa Antwerp, mu Ubelgiji, mwaka wa 1912. Jamaa yake ilikuwa ya Wayahudi wenye kufanya kazi ya almasi, na ni kule kule almasi ya Kasai yetu ilikuwa inapelekwa kukatwa. Baba yake alichezea Ubelgiji mpira wa ndani ya maji ku Olimpiki, na kijana naye alipenda maji kuliko ofisi.

Mwaka wa 1936 mugomo mukubwa ulianza mu bandari ya muji ule, ukaingia mu mashimo ya makaa ya Liège. Serikali ikakubali konje ya siku 6 yenye kulipwa. Ufaransa ilitoa majuma 2 mwaka ule ule. Wafanyakazi wa shimo walisaidia kuzaa ile konje, tusisahau. Lakini kupata siku ni jambo moja, kupata pahali pa kwenda na feza kidogo ni jambo lingine.

Kisha vita, Blitz alisimamia nyumba moja mu milima ya Ufaransa, kwa watu wenye waliponea makambi ya Wanazi. Aliona jua, michezo na chakula cha pamoja vinarudishia mutu nguvu. Basi mwaka wa 1950 akaanzisha Club Méditerranée. Hema alizipata kwa jamaa ya Trigano, wauzaji wa hema, akazisimamisha ku Alcudia, kando ya bahari ya Hispania. Vitanda vya kukunja, bafu ya pamoja. Wageni walikula mu meza za pamoja, wakaitana majina ya kwanza tu, mukubwa na mudogo. Nyuma, hata feza iliwekwa pembeni: ku baa walilipa na shanga zenye walivaa shingoni. Watu walitoka vitani, walikuwa wamechoka na huzuni, hema iliwatosha.

Lakini muteja hakai pahali pamoja. Wale vijana wa 1950 walioa, wakapata watoto na mushahara muzuri kidogo. Mu hema mutoto analia usiku na kijiji kizima kinasikia. Wakaanza kuomba kitu chenye kusimama: kwanza vibanda vya majani, sawa vya Tahiti kwenye muke wa Blitz aliishi zamani. Kisha wakataka ukuta, mulango wenye ufunguo, bafu yao wenyewe. Mwaka wa 1965, ku Agadir mu Marokko, Club ikafungua kijiji cha nyumba za kujengwa kabisa. Miaka miwili nyuma, wakaweka pahali pa kuangalia watoto, juu wazazi nao walitaka kupumuzika.

Mwenye kusikia muteja vizuri alikuwa Gilbert Trigano, kijana wa ile jamaa ya hema. Aliingia mu kazi mwaka wa 1954, na mwaka wa 1963 akawa mukubwa wa kompani. Blitz akaacha usukani, akaenda paka kwa yoga, akaifundisha mu Ulaya.

Sisi hatulaumu wale wateja. Mutu mwenye kulala vibaya mwaka muzima ju ya kazi, ukimupa siku 15, ataomba kitanda kizuri, hata sisi tungeomba. Ila bei ilipanda pamoja na ukuta. Mufanyakazi mwenye konje ilipiganiwa juu yake, mara mingi alibaki kwenye uwanja wa kambi ya bei kidogo, na hema yake mwenyewe ju ya mutokari.

Blitz alikufa mwaka wa 1990, na umri wa miaka 78. Wakati ule Club ilikuwa na hoteli za ghorofa mu inchi mingi, na zote bado ziliitwa vijiji, sawa vile alizitaja yeye mu siku za hema.