Mfalme Manuel na Mji wa Kilwa

Manuel alizaliwa katika nchi ya Ureno mwaka 1469. Alikuwa wa ukoo wa kifalme, lakini watu hawakutazamia kwamba atatawala, maana wengine walikuwa mbele yake. Ndugu yake aliuawa na mfalme João mwenyewe, na mwana wa mfalme akafa kwa kuanguka farasi. Hata João alipokufa mwaka 1495, Manuel akatawazwa, naye ni kijana wa miaka 26.

Ureno ni nchi ndogo, lakini mabaharia wake walikuwa hodari. Mwaka 1497 Manuel alimtuma Vasco da Gama kutafuta njia ya bahari ya kwenda Bara Hindi. Vasco akaizunguka ncha ya kusini ya Afrika, akafika Mombasa na Malindi, kisha akavuka bahari mpaka Bara Hindi. Aliporudi mwaka 1499, mfalme alifurahi mno, akatamani kuishika biashara yote ya bahari ile.

Katika miji ya pwani yetu, Kilwa ulikuwa na sifa kubwa. Mtu wa Kilosa au Mikumi akitaka kufika huko, hushuka mpaka pwani, akaelekea kusini, akapita mahali mto Rufiji unapoingia baharini. Mbele yake atakiona kisiwa kilicho karibu na bara. Hapo palikuwa na nyumba na misikiti ya mawe, na watu waliotajirika kwa dhahabu ya Sofala.

Mwaka 1502 Vasco alifika Kilwa na mizinga, akamlazimisha Amiri Ibrahim, mtawala wa mji, kulipa kodi ya dhahabu. Kwa dhahabu ile Manuel aliamuru kifanywe chombo cha kuwekea Sakramenti, nacho kingaliko Lisbon hata leo.

Mwaka 1505 mfalme alimtuma Francisco de Almeida na marikebu nyingi. Mwezi wa Julai askari wakashuka Kilwa, Ibrahim akakimbia, na nyumba zikatekwa nyara. Almeida akamtawaza mtu mwingine, Muhammad Ankoni, akamvika taji ya dhahabu. Kisha akajenga ngome, akaacha askari humo.

Basi Manuel akawa bwana wa mji ambao hakupata kuuona kwa macho yake. Amri zake zilikaa miezi mingi baharini kabla ya kufika. Wareno waliwazuia wenyeji wasifanye biashara kama walivyozoea, na dhahabu ya Sofala wakaitaka wao wenyewe. Wafanya biashara wengi wakahama. Muhammad Ankoni akauawa kwa hila, na watu wakagombania ufalme. Ngome ikawa na gharama kubwa kuliko faida yake. Mwisho, mwaka 1512, askari wa Manuel wakaondoka, na Ibrahim akashika tena enzi yake. Lakini utajiri wa zamani haukurudi.

Manuel alifariki Lisbon mwaka 1521. Watu wake walimwita mwenye bahati, kwa sababu ya mali nyingi iliyoletwa na marikebu zake. Lakini mji alioutwaa kwa siku moja ulimshinda kuutawala hata miaka 8. Aliipata ngome na kuta. Watu na kazi zao, ambao ndio mji wenyewe, walimponyoka.