Indra Devi: alikataliwa na mwalimu wa yoga, kisha akatumwa kufundisha dunia

Indra Devi, mmoja wa wanawake wa kwanza kutoka nje ya India kupata mafunzo ya ualimu wa yoga, alifariki mjini Buenos Aires, Argentina, tarehe 25 Aprili 2002, akiwa na miaka 102. Wengi wanaofanya leo mazoezi hayo ya mwili na pumzi huko Ulaya na Amerika hawajui kwamba, mara ya kwanza alipobisha hodi kwa mwalimu wake, alifukuzwa.

Alizaliwa tarehe 12 Mei 1899 mjini Riga, katika Latvia ya leo, wakati huo sehemu ya ufalme wa Urusi. Wazazi wake walimwita Eugenia Peterson. Baba yake alikuwa Mswidi mwenye kazi ya benki, mama yake Mrusi wa ukoo mkubwa. Baada ya mapinduzi ya 1917, yeye na mama yake walikimbia nchi. Walifika Berlin, ambako binti huyo alijipatia riziki kwa kuigiza na kucheza dansi jukwaani.

Mwaka wa 1927 alisafiri kwenda India, nchi aliyoiota tangu ujana. Huko alicheza filamu, na kwa kazi hiyo akachukua jina la Indra Devi. Mwaka wa 1930 aliolewa na Jan Strakaty, mwanadiplomasia wa Czechoslovakia aliyekuwa akifanya kazi Bombay. Lakini ugonjwa wa moyo ulimsumbua kwa miaka. Yoga ndiyo iliyomletea nafuu, naye akaamua kuisoma kwa mwalimu mwenyewe.

Mwalimu huyo alikuwa Tirumalai Krishnamacharya, aliyeongoza shule ya yoga katika jumba la mfalme wa Mysore, kusini mwa India. Wanafunzi wake walikuwa wavulana na vijana wa Kihindi. Alimkataa Indra Devi kwa sababu mbili: ni mgeni, tena ni mwanamke. Mfalme, aliyegharamia shule hiyo, aliingilia kati, na mwalimu akakubali shingo upande.

Kukubaliwa hakukuwa mwisho wa taabu. Krishnamacharya alimwekea masharti makali ya chakula na siku ndefu za mazoezi, akitumaini kwamba angechoka na kuondoka mwenyewe. Mwanafunzi huyo alikuwa na umri wa karibu miaka 40, lakini alitimiza kila alichoagizwa. Pole pole moyo wa mwalimu ulibadilika.

Baada ya mwaka mmoja hivi, bwana yake alihamishiwa China. Hapo Krishnamacharya alimpa agizo ambalo hakulitarajia: aende akafundishe. Alimwambia alete daftari, akakaa naye siku kadhaa akimsomea masomo ya kuandika, kuhusu namna ya kufundisha, chakula na pumzi. Siku hizi shule nyingi hutoa cheti cha ualimu wa yoga baada ya masaa 200 ya masomo. Yeye aliondoka na daftari, na amri ya mtu ambaye mwanzoni hakutaka hata kumpokea.

Mwaka wa 1939 alifungua darasa Shanghai, katika nyumba ya mke wa kiongozi wa China, Chiang Kai-shek, akaendelea kufundisha wakati wa vita. Strakaty alikufa mwaka wa 1946. Mwaka uliofuata mjane huyo alihamia Marekani, akafungua shule Hollywood. Waigizaji wakubwa kama Gloria Swanson walikuja kujifunza kwake. Mwaka wa 1960 alifika Moscow kuwaeleza viongozi wa Kisovieti juu ya yoga, katika nchi ambayo aliikimbia akiwa kijana.

Kisha naye akawa mlezi wa walimu. Kuanzia miaka ya 1960 aliwafundisha huko Tecate, Mexico, karibu na mpaka wa Marekani. Katika miaka ya 1980 alihamia Argentina, na shirika lenye jina lake likaanzishwa Buenos Aires.

Krishnamacharya alikufa mwaka wa 1989, akiwa amepita miaka 100. Mwanamke aliyetaka kumchosha alikuwa bado anafundisha.