Jim Corbett wa Nyeri: Maisha Yaliyoandikwa Juu ya Bunduki

Edward James Corbett, aliyejulikana zaidi kwa jina la Jim, alizaliwa tarehe 25 Julai 1875 mjini Naini Tal, kaskazini mwa India, akafariki tarehe 19 Aprili 1955 mjini Nyeri. Alikuwa mfanyakazi wa reli, msasi na mwandishi. Sehemu kubwa ya maisha hayo yaweza kusomwa kwenye silaha moja.

Mwaka 1907 Corbett alimuua chui milia jike wa Champawat, aliyesemekana kuwaua watu 436. Gavana wa jimbo, Sir John Hewett, alimtunukia bunduki ya John Rigby wa London. Bunduki za aina hiyo zina maandishi ya kusomwa. Jina lililochongwa juu ya mtutu humtambulisha mtengenezaji. Tarakimu .275 hutaja kwa inchi kipenyo cha tundu kabla mifereji haijakatwa, yaani takriban milimita 7. Mihuri midogo huthibitisha kwamba mtutu ulijaribiwa kwa nguvu kuliko kawaida pasipo kupasuka. Hata hivyo, jina halisemi yote, kwani mtambo wake ulikuwa wa Mauser wa Ujerumani. Aidha, ubora wenyewe umo ndani, katika mifereji inayojipinda ukutani mwa mtutu na kuizungusha risasi ili isiyumbe. Enzi hizo mifereji ilikatwa kwa kisu kidogo kilichopitishwa mtutuni mara nyingi, kikichuna chuma kidogo kidogo. Bamba la fedha kitakoni lilimtaja mtunukiwa, mtoaji na sababu.

Kwa bunduki hiyo Corbett alimwangusha chui mla watu wa Rudraprayag mwaka 1926. Baadaye aliipendelea kamera na kutetea uhifadhi wa wanyama. Mwaka 1947, India ilipopata uhuru, alihamia Nyeri pamoja na dadake Maggie. Waliishi Paxtu, nyumba ndogo katika Hoteli ya Outspan iliyokuwa imejengwa kwa ajili ya Baden-Powell.

Mnamo Oktoba 1952 hali ya hatari ilitangazwa. Katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, wapiganaji wa Mau Mau walitumia bunduki zilizoundwa kwa mabomba ya maji, makomeo ya milango na vipande vya mpira. Mitutu hiyo haikuwa na mifereji wala muhuri wa ukaguzi. Risasi iliyumba, na pengine mtutu ulimpasukia aliyeushika. Kupatikana na silaha bila kibali kulikuwa kosa la kifo. Dedan Kimathi alihukumiwa mjini Nyeri mwaka 1956 kwa kupatikana na bastola, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957.

Corbett alizikwa katika makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Petro, Nyeri. Bunduki yake ilikwenda kwa wachapishaji wake wa Oxford, na mwaka 2015 ikarudi kwa Rigby, ikiwa bado na bamba lake. Walioyageuza mabomba ya maji kuwa silaha walikuwa mafundi pia, ila mitutu yao haikubeba jina la yeyote.