Pier Giorgio Frassati: Kijana Aliyekutwa na Kifo Taa Yake Ikiwaka



Vijana wenzangu, wengi wetu tukisikia habari za kujiandaa kiroho tunawaza mambo makubwa: mafungo ya siku tatu, mkesha, kufunga Kwaresima nzima bila kukosa. Halafu tunaahirisha. Nitaungama Pasaka. Nitaanza kusali vizuri nikimaliza chuo. Nikipata kazi nitasaidia maskini. Leo tumwangalie kijana aliyefariki akiwa na miaka 24, akiwa amebakiza mitihani miwili tu amalize chuo. Hakupewa muda wa kujiandaa. Na kumbe hakuuhitaji.

Pier Giorgio Frassati alizaliwa Torino, kaskazini mwa Italia, tarehe 6 Aprili 1901, siku ya Jumamosi Kuu. Kwao kulikuwa na pesa na jina. Baba yake, Alfredo, alikuwa mwenye gazeti la La Stampa, akawa seneta na baadaye balozi wa Italia nchini Ujerumani. Mama yake, Adelaide, alikuwa mchoraji. Alikuwa na dada mmoja, Luciana, aliyemfuata kwa mwaka mmoja.

Usifikiri basi kwamba alilelewa kwenye nyumba ya sala. Baba hakuwa mtu wa kanisani. Mama alikuwa Mkatoliki, lakini wazazi hawakuelewana, na nyumba ilikuwa na baridi ambayo pesa haiwezi kuiondoa. Pier Giorgio mwenyewe hakuwa kipanga darasani. Aliwahi kufeli Kilatini. Alipohamia shule ya Wajesuiti ndipo akaanza kupokea Komunyo Takatifu kila siku. Mama yake alisita kumruhusu, lakini kijana alishikilia. Hapo ndipo taa yake ilianza kujazwa mafuta: asubuhi moja, kisha nyingine, kisha nyingine.

Mwaka 1918 alijiunga na Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeacha Torino na maskini wengi, na yeye akawa anapanda ngazi za nyumba zao akiwa na chakula, dawa na nguo. Hela ya nauli aliitoa, kisha akarudi nyumbani kwa mbio ili asichelewe mezani. Alipochelewa aligombezwa, na hakusema alikotoka. Nyumbani walimwona kijana mwema lakini asiye makini, wa kuchelewachelewa. Hawakujua.

Chuoni alichagua uhandisi wa madini. Alitaka kufanya kazi pamoja na wachimbaji, kwa sababu aliona maisha yao ni magumu na wachache wanaokwenda kwao. Mwaka 1922 akaingia Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Dominiko, akiwa bado mlei na bado mwanafunzi. Alisali Rozari kila siku, na kuna usiku alikesha mbele ya Ekaristi Takatifu.

Na bado alikuwa kijana kama sisi, jamani! Alicheka kwa sauti, alipenda utani, alivuta kiko, na alipanda milima ya Alpi na marafiki zake. Kundi lao walilipa jina la mzaha, kana kwamba ni kundi la wahuni. Lakini kabla ya safari ya mlimani alihakikisha kwanza Misa haimpiti.

Alipenda pia msichana mmoja wa kundi hilo, jina lake Laura. Hakumwambia. Aliona wazazi wake wasingemkubali, na ndoa yao ilikuwa tayari inayumba. Hakutaka kuanzisha familia yake kwa kuivunja ya wazazi. Kisha mwaka 1925 akapata habari kwamba baba yake anataka aje afanye kazi kwenye gazeti. Maana yake, ndoto ya kwenda kwa wachimbaji imekwisha. Iliuma, lakini alikubali. Mtu aliyezoea kumpa Mungu vitu vidogo kila siku, siku kubwa ikifika mkono wake haukatai kufunguka.

Siku kubwa ilikuja mwishoni mwa Juni mwaka huo huo. Alianza kuumwa kichwa na kuishiwa nguvu. Wakati huohuo bibi yake alikuwa mahututi ndani ya nyumba ileile, kwa hiyo macho ya wote yalikuwa kwa bibi. Pier Giorgio hakulalamika. Bibi alifariki tarehe 1 Julai. Familia ilipokuja kugundua kwamba kijana naye ni mgonjwa sana, polio ilikuwa imeshaupooza mwili wake.

Ijumaa, tarehe 3 Julai, ilikuwa siku yake ya kawaida ya kutembelea maskini. Alimwomba Luciana amletee vitu kutoka kwenye koti lake: boksi la sindano na risiti ya rehani. Kwa mkono uliokuwa unakufa ganzi akaandika karatasi fupi, maandishi yamepinda, hayasomeki vizuri. Alimwagiza rafiki yake ampelekee mgonjwa mmoja maskini zile dawa, na akalipie upya rehani ya mwingine asije akapoteza mali yake. Alipokea sakramenti, na Jumamosi jioni, tarehe 4 Julai 1925, akafariki.

Siku ya mazishi familia ilitegemea kuwaona watu wakubwa wa mji. Waliwaona. Lakini waliona pia umati wa maskini ambao hawakuwafahamu. Siku hiyo wazazi ndipo walipomjua mtoto wao, na wengi wa maskini wale ndipo walipojua kwamba kijana wao alikuwa mtoto wa Frassati. Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri tarehe 20 Mei 1990, na Papa Leo XIV akamtangaza mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, pamoja na Carlo Acutis.

Hebu turudi kwenye ile karatasi. Angejua siku zake zimebaki chache, angefanya nini tofauti? Naona hakuna. Angekwenda Misa, angesali Rozari, angepeleka dawa Ijumaa. Kuwa tayari ni hivyo: siku yako ya mwisho ifanane na siku zako za kawaida. Wale wanawali watano wenye busara hawakununua mafuta usiku wa manane. Walikuwa nayo tayari.

Basi wiki hii tuanze kidogo:

1. Kama hujaungama muda mrefu, panga siku na uende. Usingoje Pasaka.
2. Chagua sala moja ya kila siku, hata fumbo moja la Rozari, na uishikilie.
3. Tafuta mtu mmoja mwenye shida, umsaidie, na usimwambie yeyote.

Tusali: Ee Bwana, hatujui siku wala saa. Utusaidie kuwasha taa leo, katika masomo, kazi na nyumba zetu, ili ukija utukute tunawatumikia wadogo wako. Amina.

Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, utuombee!