Fimbo na Tofaa: Malezi ya Martin Luther

Mara nyingi twawasikia wazee wakiyatamani malezi ya zamani, wakisema ya kuwa mtoto wa siku zile alijua kutii, kufanya kazi na kunyamaza mbele ya wakubwa. Je, ukali ule ulikuwa wema mtupu? Na tuyatazame maisha ya Martin Luther, maana alilelewa kwa ukali mwingi, kisha akayapima malezi hayo alipokuwa baba mwenyewe.

Alizaliwa Eisleben, katika Ujerumani, tarehe 10 Novemba 1483. Mwaka uliofuata wazazi wake walihamia Mansfeld, penye machimbo ya shaba. Baba yake, Hans, alikuwa mwana wa mkulima, akajipatia riziki kwa kazi ngumu ya migodi na tanuru. Mama yake, Margarethe, alizibeba kuni mgongoni mwake mwenyewe. Nyumbani mwao uvivu haukuwa na nafasi. Siku moja mama alimpiga hata damu ikatoka, kwa ajili ya kokwa moja tu ya kula. Baba naye alimpiga sana, hata mtoto akamkimbia akiwa na uchungu moyoni, na baba akataabika kumvuta tena kwake. Shuleni alipigwa mara 15 katika asubuhi moja, kwa somo la Kilatini ambalo hakufundishwa.

Luther hakuyaficha mambo hayo. Alipokuwa mtu mzima alieleza ya kuwa ukali ule ulimtia woga, nao ulikuwa sababu mojawapo ya kuingia kwake katika nyumba ya watawa mwaka 1505. Hata hivyo alishuhudia ya kuwa wazazi wake walimtakia mema kwa moyo wote.

Mwaka 1525 alimwoa Katharina von Bora, wakapata watoto sita. Hakuiacha adabu, mwaka 1529 alitoa Katekisimo Ndogo, ili kila mwenye nyumba awafundishe watu wake Amri za Mungu, imani na sala. Lakini alifundisha pia ya kuwa tofaa liwekwe kando ya fimbo, yaani mtoto anayeonywa auone na upendo. Mwaka 1530, alipokuwa mbali katika ngome ya Coburg, alimwandikia Hans mwanawe, mtoto wa miaka minne, habari za bustani nzuri yenye matunda na farasi wadogo, iliyowekewa watoto wanaosali na kujifunza.

Wakati uo huo ilimfikia habari ya kufa kwa baba yake. Akatwaa Zaburi yake, akaingia chumbani, akalia sana, hata kesho yake kichwa kilikuwa kizito. Akakiri ya kuwa kwa jasho la mzee huyo Mungu alimlisha na kumfanya alivyo. Mtoto aliyemkimbia baba ndiye aliyemlilia hivyo. Naye Luther alifariki Eisleben tarehe 18 Februari 1546.

Basi, wazazi, tukiyatamani malezi ya kale, tusiitamani fimbo peke yake. Kilichodumu kwa Luther ni jasho la baba, kuni za mama, na upendo uliomtafuta mtoto aliyekimbia. Hayo tuwarithishe watoto wetu, na tofaa lisikosekane nyumbani.